Safari ya Dover, nyumbani kwa John Dickinson

Tulitoka Philadelphia asubuhi kwa gari la rafiki. Tulipovuka daraja la mfereji wa Chesapeake na Delaware, nchi ikawa tambarare, mahindi na soya kila upande. Mimi ndiye niliyeomba twende. Washington na Jefferson kila mtu anawajua. Nilitaka kumwona Dickinson, mwanasiasa mwenzao wa enzi za kudai uhuru wa Marekani, kwao.

Nyumba yake, ya matofali mekundu, iko nje kidogo ya mji wa Dover, jimboni Delaware. Baba yake aliijenga mwaka 1740. Jirani kuna kambi ya jeshi la anga, na ndege kubwa za mizigo zinapita chini mno hadi maongezi yanakatika.

Julai 1776, akiwa mjumbe wa Pennsylvania katika bunge la makoloni ya Marekani, Dickinson aliwapinga wenzake waliotaka kutangaza uhuru kutoka kwa Uingereza siku hizohizo. Alisema ni sawa na kubomoa nyumba wakati wa baridi kabla familia haijapata pa kujisitiri: wapate kwanza muungano wao na msaada wa Ufaransa. Siku ya kura yeye na mjumbe mwenzake Robert Morris hawakuingia, na kwa kutokuwepo kwao Pennsylvania ikapata wingi wa kuunga mkono uhuru. Azimio hakulitia saini. Kisha akaenda New Jersey na wanamgambo wake, kuilinda nchi ambayo jana yake tu alikuwa akiomba isubiri. Ujasiri wa namna hiyo nauheshimu sana.

Lakini kilichonikaa rohoni ni kibanda cha magogo karibu na nyumba kubwa, kilichojengwa kuonyesha makazi ya watumwa na wapangaji. Nilishika ukuta, udongo mkavu uliosindiliwa kati ya gogo na gogo. Katika barua zake maarufu za 1767 na 1768 dhidi ya kodi za Uingereza, Dickinson aliandika kwamba watu wanaotozwa kodi bila ridhaa yao ni watumwa. Wakati huohuo alikuwa anamiliki binadamu, na ndio waliolima mashamba haya. Mwaka 1777 aliandika hati ya kuwaachia huru, ila kwa masharti ya kuendelea kumtumikia miaka kadhaa. Mwaka 1786 ndipo alipoyaondoa masharti. Miaka tisa! Kwa mtu aliyeijua hoja ya uhuru vizuri kiasi kile, siwezi kumwonea huruma hapo.

Machi 2021 ilitangazwa kwamba wanaakiolojia wamepata kwenye ardhi hii makaburi ya watu weusi, wanaoaminika kuwa watumwa na watu huru waliofanya kazi hapa. Kwa maoni yangu, mgeni angeanzia huko kabla ya kuingia sebuleni kutazama samani.

Jioni tulipita Wilmington, kwenye makaburi ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, alikozikwa Dickinson mwaka 1808. Hapohapo amelala Thomas Garrett, mfanyabiashara wa vyuma aliyemsaidia Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa, kuwavusha watumwa watoro kwenda kaskazini, na aliyepigwa faini na mahakama mwaka 1848 kwa kazi hiyo. Hakuiacha.