Utamu wa mdomoni haukwambii kilichomo kwenye sahani

Nafundisha biolojia sekondari hapa Morogoro, na kuna jaribio moja ambalo kila nikilifanya darasani linanyamazisha hata wale wa viti vya nyuma. Nachukua ndizi mbili za aina moja, moja mbichi kabisa, nyingine imeiva mpaka ganda limeota madoadoa. Nazikata vipande, nazidondoshea iodini. Kipande cha ndizi mbichi kinageuka bluu nzito inayokaribia weusi, hapohapo. Cha ndizi mbivu kinabaki na ukahawia wa iodini yenyewe, labda na vidoa vichache vya bluu. Nawauliza: ule wanga umekwenda wapi? Umevunjwavunjwa na vimeng'enya vya ndizi yenyewe wakati inaiva, ukawa sukari. Hakuna aliyeongeza kijiko.

Jaribio la pili unaweza kulifanya hapo ulipo. Kata tonge la ugali, litafune bila mboga, usimeze. Tafuna tu. Baada ya muda utaanza kusikia utamu kwa mbali. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho kimeshaanza kuukata wanga kuwa sukari ndogondogo. Kazi inayobaki humalizikia kwenye utumbo mwembamba, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi. Ugali, wali, viazi, mihogo, chapati: vyote wanga wake ni glukosi zilizoungana mlolongo mrefu. Ulimi hauuonji utamu huo kwa sababu mlolongo bado haujakatwa.

Ndiyo maana mjomba wangu ananipa mawazo. Ana kisukari, na ni mtu wa nidhamu. Chai hanywi na sukari, keki za harusini anazipisha, soda hagusi. Siku moja aliniambia, "Mama, sukari nimeiacha kabisa, lakini mashine haishuki." Nikamwambia, "Shikamoo yako nimekupa mjomba, sasa niruhusu nitazame sahani." Ilikuwa ugali wa sembe uliojaa mpaka ukingoni, mchuzi, na vijani viwili vitatu vya mchicha pembeni. Saa mbili baada ya kula, mashine ya kupima sukari ya damu ikasoma 12 na kitu (milimoli kwa lita). Hakudanganya, sukari ya kopo hakuigusa. Aliila ikiwa bado ni wanga.

Nataka hapa nieleweke, maana sasa hivi mitandaoni wanga umefanywa adui. Si adui. Gramu moja ya wanga huupa mwili kilokalori 4, na ubongo wa mtu mzima peke yake hutumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku. Chembe nyekundu za damu ndiyo kabisa, hazina chanzo kingine cha nishati zaidi ya glukosi. Lakini angalia jinsi mwili unavyoitawala kwa uangalifu: katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, aliyeamka bila kula, kuna glukosi ya gramu 4 au 5 hivi. Kijiko kimoja cha chai! Ukila, ikapanda, kongosho linatoa insulini, na insulini inaamuru misuli na ini vichukue. Sehemu inahifadhiwa kama glaikojeni, kiasi cha gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, kutegemea mwili wa mtu. Usiku ukilala, ini ndilo linalorudisha kidogokidogo ili ubongo usikose. Maghala hayo yakijaa, kinachozidi hugeuzwa mafuta.

Sukari ya dukani ni habari nyingine kidogo. Sisi wa Morogoro tumezungukwa na miwa, Kilombero huku, Mtibwa kule, na sukari inayotoka humo ni sukrosi: glukosi moja imeshikana na fruktosi moja. Ukiichemsha na kimiminika cha Benedict, kile cha bluu kinachogeuka rangi ya tofali kikikutana na sukari kama glukosi, inabaki bluu, wanafunzi wanaduwaa. Ichemshe kwanza na asidi hafifu, izimue asidi kwa baikaboneti, rudia kipimo, inakuja rangi ya tofali, maana sasa imegawanyika. Utumbo unaigawanya hivyohivyo. Glukosi inaenda kila mahali. Fruktosi sehemu kubwa inashughulikiwa na ini, na ikija nyingi kwa mfululizo, ini hutengeneza mafuta. Asali nayo ni fruktosi na glukosi zilizokwisha kuachana. Sukari guru bado ni sukrosi. Naomba wanaowauzia wagonjwa asali kama sukari "salama" waache.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza, pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya 5, yaani kama gramu 25. Kola ya kawaida ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35.

Maziwa yana laktosi. Watu wazima wengi huipoteza lactase, kimeng'enya cha kuivunja, ndiyo hayo matumbo kuunguruma. Mtindi huwasumbua kidogo, bakteria wameshaila sehemu ya laktosi.

Kwa mjomba sikuondoa ugali. Mluguru ukimnyima ugali atakuelewaje? Tulibadilisha sembe kwa dona, ambayo haikukobolewa na bado ina nyuzinyuzi, tonge likapungua, maharage na mchicha vikachukua nusu ya sahani. Nyuzinyuzi pia ni za ukoo wa wanga, ila vimeng'enya vyetu haviziwezi, na zikiwepo glukosi huingia kwenye damu polepole. Chakula kilekile cha kwao, saa mbili baadaye mashine ikasoma 9.

Jambo la mwisho nalisema kwa wote wenye mgonjwa nyumbani, hasa anayetumia insulini. Sukari inaweza kushuka: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Kipimo kikisoma chini ya 3.9, hapo viazi na dona havifai, vitachelewa. Mpe gramu 15 za sukari ya haraka, vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari yake kamili. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ikishapanda ndipo ale chakula. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.