Siku moja maishani mwangu: kiti cha kujaza nafasi

Saa 11 alfajiri. Nachora saa hizi kwa sababu simu bado imelala. Mezani nina kitabu cha watoto wadogo: mtoto anayelelewa na shangazi yake anazunguka nyumba nzima akiuliza, "Mimi nimefanana na nani?" Pua si ya shangazi, masikio si ya bibi. Jana usiku nilimaliza picha ya familia yote mezani, nikalala nimeridhika. Leo naitazama na kujishika kichwa. Bibi nimemweka katikati kabisa, pale kurasa mbili zinapokutana. Kitabu kikishashonwa, mkunjo utammeza nusu uso. Nafuta. Bibi anasogea kushoto, kulia panabaki wazi, nami naweka kiti. Kiti tu, cha kujaza nafasi.

Saa 2 asubuhi. Hesabu za kurasa. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, na 32 haibakizi kitu. Ukiondoa za jina la kitabu na za haki miliki, unabaki na jozi kama 14 za kurasa zinazotazamana. Zote nimezichora kwenye karatasi moja, kila jozi ndogo kama kibiriti, nione swali linaulizwa wapi na jibu limefichwa wapi. Swali huliweka mwisho wa ukurasa wa kulia. Jibu linasubiri nyuma yake, mpaka mtoto mwenyewe afunue. Hapo ndipo utasikia ile "aah!" Ukiviweka pamoja umeiua.

Saa 4. Mhariri anapiga. Tumezoeana, hatuzungushani.

"Dada, ukurasa wa 11 una maneno mengi."

Nasoma: *Alimkimbilia shangazi yake kwa furaha kubwa.* Kwenye picha mtoto yuko hewani, kandambili moja imemtoka mguuni. Sentensi haina kazi yoyote. Naikata.

Ugomvi uko mwisho wa kitabu. Watu wa mauzo wanataka tumalizie kwa kusema kwamba familia ni upendo. Mimi nimemalizia kwa picha: shangazi na mtoto wanacheka, vichwa vimerudi nyuma, macho yamefumba vilevile. Hakuna neno. Namkumbusha makala ya Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa fasihi ya watoto, ya mwaka 1990, aliposema vitabu ni madirisha na pia ni vioo vya mtoto kujionea.

"Sasa wewe ulishaona kioo kinamweleza mtu sura yake?"

Anacheka. Anasema atajaribu kunitetea. Nimeisikia hiyo kabla.

Saa 6 mchana. Kuskani. Samawati yangu inang'aa kwenye skrini, ila najua wino nne za mashine ya kuchapia zitaipoza. Naipasha moto kidogo, nasonga mbele.

Saa 9 alasiri. Nimebeba kitabu cha majaribio, karatasi zilizobanwa kwa stepla na michoro ya penseli, kwenda kuwasomea watoto kumi na wawili. Hadithi naijua kwa moyo, kwa hiyo nawatazama wao. Ukurasa wa 9 wawili wanaanza kufinyana. Ukurasa huo mvivu, naukunja kona. Tunafika kwenye picha ya mezani na hakuna anayenisikiliza tena.

"Kiti hiki cha nani?"

Nasema hakina mtu. Wanakataa kwa sauti moja.

"Cha paka!"

"Paka yuko chini ya meza, huoni?"

"Cha mama yake, amechelewa kazini."

Huyo anayesema mama amechelewa hatanii, na hakuna anayemcheka. Kisha kasichana kalikokaa nyuma, ambako hakajatamka neno tangu tuanze, kananitazama kama kananionea huruma.

"Ni chako. Si umesimama unawachora?"

Saa 12 jioni. Ujumbe wa mhariri: watu wa mauzo wameomba wiki moja ya kufikiri.

Saa 3 usiku. Jozi yenye ukurasa wa 9 nimeiondoa, na nafasi yake nimeipa picha ya mezani: jozi mbili sasa badala ya moja. Katika ya kwanza kiti kiko wazi, kimesogezwa mbali na mkunjo. Katika ya pili nimechora penseli juu ya kiti, na vumbi la kifutio. Kisha nikachora alama ndogo za makucha. Yule wa paka naye asikose chake.