Siku yangu na soketi isiyotakiwa kuzimwa

Saa 1:30 asubuhi. Simu inaita kabla sijafunga kamba za viatu. "Fundi, hicho king'ora kimetulilia tii, tii usiku kucha!" Mlio mfupi wa hivyo mara nyingi ni betri inayodai umeme.

Saa 3. Kisanduku cha king'ora cha wezi ni kizima, ila taa yake ya kijani, ya kuonyesha umeme upo, haiwaki. Betri yake ya akiba ya volti 12, 7Ah (kiasi cha umeme inachobeba), inasoma volti 10.9: imekauka. Mama mwenye nyumba anaapa ni ya mwaka jana, nami namwamini. Nafuata waya hadi nyuma ya kabati, naikuta transfoma, ile inayopunguza umeme wa ukutani na kukilisha king'ora, imechomekwa kwenye soketi inayotawaliwa na swichi ya ukutani, ileile ya taa ya sebuleni. Wakienda kulala wanazima taa, na king'ora kinabaki na betri hadi mtu awashe tena. Betri za aina hii hazipendi kukamuliwa kila usiku. Kwa mwendo huo hata mwaka ni mwingi.

Kijana wa nyumba anapendekeza ekstensheni. Hapana, hiyo itachomolewa na yeyote mwenye pasi mkononi. Basi ile soketi ya karibu na sinki? Ile inalindwa na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kikikata mchana wakati hakuna mtu, king'ora kitakula betri kimyakimya.

Saa 4. Nimezima breka, nimehakikisha kwa testa, nimevuta laini ya moja kwa moja na kufunga soketi isiyo na swichi yoyote. Saketi ya peke yake sikuona haja: transfoma ni ya volti 16.5, nguvu yake VA 40 tu, haivuti hata nusu ampea ukutani. Kilichonitia wasiwasi ni waya mwembamba wa kwenda kwenye kisanduku, maana ukiwa mrefu volti hupotea njiani. Nimepima mwisho wake: 16.1. Inatosha. Betri mpya ndani, kisha nazima breka tena makusudi. King'ora hakikuyumba.

Saa 7. Chakula, na usingizi wa robo saa garini.

Saa 8. Nyumba mpya, kuta bado hazijapigwa plasta. Hapa waya wa king'ora unapita popote nipendapo. Kazi tamu hii! Soketi nimeiweka juu, ndani ya kabati la kisanduku, mbali na mifagio na watoto.

Saa 3 usiku. Ujumbe wa yule mama: "Tumezima taa zote. Ya kijani bado inawaka, ni sawa?"

Ni sawa, mama.