Kuhamisha tovuti kwa mara ya tatu

Mwezi uliopita nilihamisha tovuti yangu kwenda kampuni ya tatu ya kuhifadhi tovuti, na hii ndiyo mara ya kwanza nilipohama kwa mpango badala ya kuhama kwa hasira.

Kampuni ya kwanza ilinivutia kwa ahadi ya kuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda wote. Sikuwahi kukaa nikaipigia hesabu. Hata ahadi hiyo ikitimizwa barabara, bado inaruhusu tovuti kuzimika kwa takribani dakika 43 kila mwezi, yaani karibu saa tisa kwa mwaka, na mkataba wangu haukuhesabu kabisa saa za matengenezo yaliyotangazwa mapema. Tovuti ilipozimika kwa usiku mzima, fidia niliyopewa ilikuwa punguzo dogo kwenye ankara iliyofuata. Asilimia hiyo ni kiwango cha kulipia fidia tu. Haielezi hata kidogo jinsi seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, inavyotunzwa.

Nikahamia kampuni ya pili kwa sababu ya neno moja: bila kikomo. Vikomo vilikuwepo, ila viliandikwa mbali na tangazo, navyo vilihusu idadi ya faili na muda wa prosesa ambao kila mteja aliruhusiwa kutumia. Seva ilikuwa ya pamoja, yaani ya wateja wengi, na tovuti nyingine humo ilipopata wageni wengi, yangu ilidorora hadi wasomaji wakakutana na kosa la 503, linalomaanisha kwamba huduma haipatikani kwa muda. Sina ugomvi na seva za pamoja, kwani kwa tovuti ndogo zinatosha na gharama yake ni nafuu. Kilichoniumiza ni kwamba kila nilipoomba msaada niliambiwa nifute kache ya kivinjari changu, yaani kurasa kilizozihifadhi, na hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba seva ilikuwa imeelemewa.

Kuhamia huko pia nilikufanya vibaya, na hasara kubwa kuliko zote ilikuwa barua pepe. Nilibadilisha kwa pamoja rekodi zote za DNS, yaani mfumo unaoonyesha jina la tovuti liko kwenye seva ipi, bila kukumbuka kwamba rekodi za MX, zinazoelekeza barua, zilikuwa miongoni mwake. Kwa siku mbili kila aliyeniandikia alirudishiwa barua yake, wakiwemo wasomaji ambao hawakuandika tena. Hifadhidata, yaani ghala la makala zangu, nayo niliihamisha bila kulinganisha mfumo wa herufi wa pande mbili, hivyo kila neno lenye ng’, kama ng’ambo na kung’oa, likavurugika na kujaa alama zisizosomeka. Nilitumia majuma mengi kusahihisha makala moja baada ya nyingine.

Safari hii nilianza na maswali. Kabla ya kulipa chochote niliiandikia kampuni mpya usiku wa manane, siku ya mapumziko, nikauliza nakala rudufu huwekwa wapi na hurejeshwaje. Nilijibiwa na mtu aliyelielewa swali, na jibu lake lilitaja jengo tofauti na lile la seva. Jambo hili nalitilia uzito tangu Machi 2021, moto ulipoteketeza jengo moja la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza data pamoja na nakala zao. Hata hivyo, nakala moja ninaiweka mwenyewe, nje ya kampuni yoyote, na nimekwisha kuijaribu kwa kuirejesha yote kwenye kompyuta yangu, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa siihesabu kuwa nakala.

Jina la kikoa, yaani anwani ambayo wasomaji huiandika, nilikuwa nimelitenganisha mapema na kampuni ya kuhifadhi tovuti. Kwa vikoa kama .com, kulihamisha jina kunahitaji msimbo wa idhini kutoka kwa msajili wa sasa, yaani kampuni iliyolisajili jina, na mara nyingi jina hufungwa kwa siku 60 baada ya kusajiliwa au kuhamishwa. Asiyelijua hilo anaweza kujikuta amekwama kwa watu anaotaka kuwaacha.

Siku mbili kabla ya kuhama nilipunguza muda ambao seva za DNS zinaruhusiwa kukumbuka anwani yangu, kutoka sekunde 86,400 hadi 300. Nilinakili faili na hifadhidata, nikaielekeza kompyuta yangu pekee kwenye seva mpya, kisha nikafungua ukurasa baada ya ukurasa, fomu baada ya fomu, huku wasomaji wakiendelea kuhudumiwa na seva ya zamani. Rekodi za MX sikuzigusa. Nilipobadilisha anwani, wageni wengi walikuwa upande mpya ndani ya saa moja.

Akaunti ya zamani niliilipia mwezi mmoja wa ziada, nikawa nasoma kila asubuhi kumbukumbu zake za waliotembelea seva. Kufikia siku ya tisa zilionyesha roboti za mitambo ya kutafuta peke yake, na siku ya kumi na nne nikaifunga.