Lister imewaka kwenye baridi, na ugonjwa wake nilikuwa nikiusifu

Imewaka, motere yangu ya zamani ya mazutu (dizeli)! Leo Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, baridi ya Julai hapa Lubumbashi ikiwa bado imekaa kwenye mabati, bila moto, bila maji ya vuguvugu, bila etha. Nilizungusha manivela, ule mkono wa kuwashia, mara 14, nikaachia supapu niliyokuwa nimeishikilia wazi, ikapiga dum moja, ikanyamaza kama mtu anayetafuta neno, halafu ikapiga tena na tena. Niliiacha ikizunguka saa nzima kwa kuogopa kuizima.

Hii ni ile Lister CS ya farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, niliyoitoa kwenye shamba moja njia ya Kipushi. Zamani ilisaga mahindi. Nilipoikuta kuku walikuwa wanalala juu yake. Herufi CS ni za Kiingereza na maana yake ni kuwaka baridi. Wenyewe kule Dursley, Uingereza, waliiunda kwa kazi hiyo: mtu anaamka, anazungusha, basi. Yangu kwa miezi mitano haikukubali kuwaka mpaka nichome kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye mdomo wa kuvutia hewa, mke wangu amesimama pembeni na ndoo ya mchanga.

Ringi mpya za pistoni niliweka. Supapu nilizisaga hadi zikashika petroli usiku mzima bila kuvuja tone. Nozeli ya kupuliza mafuta ililia vizuri, krik, krik, kila mzunguko. Muda wa kupuliza nilipima mara nne, digrii 20 kabla ya pistoni kufika juu. Gurudumu dogo la pembeni la kubadili mgandamizo, yaani hewa ibanwe kiasi gani, nililikaza mpaka mwisho. Na bado ikawa moshi mweupe tu, ule wa kuchoma macho, maana yake mazutu inaingia ndani lakini haikuti joto la kuiwasha.

Nikaanza kulaumu mji. Tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, nikawa ninawaeleza watu hivyo kwa sauti ya profesa. Lakini vinu vya mtaani vinawaka kila asubuhi kwa hewa hiyo hiyo, na hakuna anayevichomea kitambaa.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, mstaafu wa karakana za migodini. Alikuja kuomba spana, akamkuta mtoto wangu wa miaka 12 anazungusha manivela huku anacheka. Nami nikasifu: ona ilivyo laini! Mzee hakucheka. "Mutoto yangu, hii motere iko mwepesi sana. Ya mazutu haiko vile." Akachukua spana yake, akaenda.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilifungua kichwa, nikabandika kwa girisi vipande viwili vya waya wa kulehemu juu ya pistoni, nikarudisha kichwa, nikakaza, nikazungusha taratibu mara moja, nikafungua tena. Waya ulikuwa umebanwa kidogo tu, bapa kama mbegu ya boga. Kalipa ikasoma milimita 3.1, ndiyo nafasi kati ya pistoni na kichwa, kubwa mno. Nilirudia, nikidhani nimekosea: 3.1.

Ikabidi silinda nzima inyanyuliwe. Chini yake nilikuta mabati mawili yaliyokatwa kwa mkasi, na katikati yake karatasi ngumu iliyolowa oili. Bati moja lilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Nusu ya uso wa mtoto bado inaonekana, ananitazama. Jumla milimita 1.6. Mtu fulani, kwenye kile kinu, alichoka kuhangaika na manivela, au vijana wake hawakuwa na nguvu, akainyanyua silinda ili izunguke kirahisi. Pistoni inatembea karibu sentimita 14, kwa hiyo 1.6 inaonekana si kitu. Lakini chumba kinachobaki juu pistoni ikifika mwisho ni kidogo mno, na humo ndimo hewa inatakiwa ibanwe mpaka iwe moto. Miezi mitano! Ringi nilizonunua bure!

Niliondoa yote, nikaweka karatasi moja nyembamba, nikarekebisha nafasi za supapu kwa sababu silinda imeshuka, nikapima tena: 1.5. Sasa mtoto hawezi kuizungusha. Mimi mwenyewe nimeumia bega.

Neno moja kuhusu spana. Bolti za motere hizi ni za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza, si za milimita. Kwenye zile ndogo, spana ya 13 haiingii na 14 inateleza mpaka inakula pembe. Watu wanatumia koleo la mabomba, na ndiyo maana kila Lister unayoiona sokoni ina bolti za mviringo. Mimi nilinunua 13 ya chuma kizuri na kuitanua kwa tupa, kidogo kidogo, jioni mbili. Ninaipenda kuliko seti nzima ya bei kubwa niliyonayo sandukuni. Kalipa yangu yenye uso wa saa, isiyo na betri, nayo sitaiuza.

Mpango wa wiki hii ulikuwa tangi la maji na rangi ya kijani. Ila nimekumbuka kwamba mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, motere ya dizeli ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Karanga kwetu ni ghali, lakini mawese? Unaiwasha kwa mazutu, ikipata moto unahamia kwenye mawese, na kabla ya kuzima unarudi kwenye mazutu ili nozeli isiganze. Bomba la shaba nitalizungushia kwenye ekzosi lipashe mafuta njiani.

Jana usiku niliacha chupa ya mawese dirishani nione. Asubuhi ilikuwa imeganda nzito, rangi ya chungwa, kijiko kinasimama wima ndani yake. Kwa hiyo bomba la shaba litahitaji mizunguko mingi zaidi. Mke wangu ameshaihamisha ile chupa jikoni, anasema mawese ni ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.