Tulivyozuia maji kupotea usiku kwenye ploti, Nakuru

Kwenye ploti ya nyumba 12 hapa Nakuru, nilipima tangi la juu kabla ya kumwambia mpangaji yeyote apunguze kufua. Tangi hilo la lita 5,000 lina kipenyo cha mita 1.8, kwa hivyo kila sentimita ikishuka zimetoka kama lita 25. Saa saba usiku nilifunga koki inayoingiza maji, nikatumbukiza fito kavu na kuweka alama. Saa kumi alama ilikuwa imeshuka sentimita 4.5. Hizo ni lita 112 watu wakiwa wamelala. Kwa siku nzima zinakaribia 900, yaani mitungi 45 ya lita 20.

Mifereji ilikuwa salama. Maji yalipotelea vyooni, kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la flashi, ukae nusu saa bila kuvuta. Ukiiona rangi kwenye bakuli, maji yanapita. Vyoo vitano vilivuja. Katika viwili boya lilikaa juu mno, maji yakamwagikia bomba la ndani la kufurikia. Nililishusha hadi maji yakasimama sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Vitatu vilivyobaki, raba ya chini, ile inayoziba tundu la kutolea maji kwenye tangi la flashi, ilikuwa imekakamaa. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanaweka raba mpya juu ya ukingo wa tundu wenye magamba ya chumvi ya maji, na baada ya wiki chache choo kinavuja tena. Funga maji, vuta flashi, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo huo. Ukucha ukikwama popote, funika kwa kitambaa kilicholowa siki kwa saa moja, sugua kwa sponji mpaka pateleze, ndipo utie raba.

Tofali ndani ya tangi la flashi, ili kila mvuto utumie maji machache, silipendekezi kabisa. Linamomonyoka, na mchanga wake hukaa chini ya raba. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji inatosha, mbali na mkono wa boya. Na kama choo ni cha zamani na sasa kinavutwa mara mbili, itoe chupa hiyo.

Nilipopima tena, tangi lilishuka nusu sentimita.

Maji ya mgao yakirudi baada ya siku kavu, huja na tope linaloziba au kukwamisha vali ya boya. Yaache yatoke kwanza kwenye mfereji wa uani, uyakinge kwa ndoo ya kuoshea sakafu. Yakitakata, fungua koki ya tangi.