Siku Babu Pisha Alipokuwa Mzaramo

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, Dar es Salaam. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote wakati ule: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, baraza mbele, na nyuma uani, palipokuwa na jiko, choo na mabanda mawili ya mabati. Banda la karibu na choo ndilo alilopanga Babu Pisha.

Jina lake halisi sisi watoto hatukulijua. Alikuwa msukuma mkokoteni, na tangu asubuhi hadi magharibi neno lake lilikuwa moja, "Pisha! Pisha mzigo!", basi tukamwita hivyo, naye akaitika. Jioni aliufunga mkokoteni kwa mnyororo kwenye nguzo ya uani, akanawa miguu, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kuanza kumchokoza Bibi. Bibi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Babu Pisha alijitambulisha kwake kuwa Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa na staha. Yeye alimwambia Bibi kwamba Wazaramo kazi yao ngoma na kulala tu, ndiyo maana nyumba imejaa wapangaji wa bara wanaomlisha. Bibi alimjibu kwamba babu yake yeye Pisha alishuka pwani na pembe ya ndovu begani, akaona bahari, akazimia, na hadi leo ukoo mzima haujazinduka.

Alikufa mwezi wa Mei mwaka 1984, alfajiri, masika yakiwa yanaelekea ukingoni. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka mwezi kwa sababu Sokoine, waziri mkuu, alikuwa amefariki tarehe 12 Aprili na watu wazima barazani walikuwa hawajaacha kuinamisha sauti kila wakimtaja. Bibi aliamka kuswali, akaona mkokoteni bado umefungwa na banda kimya. Akagonga. Akagonga tena. Kisha akamwita mjomba, na mjomba alipotoka mle ndani akasema neno moja tu: "Amekwenda."

Maiti ya Kiislamu haiwekwi. Kulikuwa na ya kufanya mengi kabla ya adhuhuri, na la kwanza lilikuwa kuwapa taarifa ndugu zake. Hapo ndipo watu wa nyumba ile walipoanza kutazamana. Mtu ameishi uani miaka kumi na kitu, tumekula naye futari, kamvusha kila mtoto barabara ya Msimbazi, na hakuna anayejua akifa aambiwe nani.

"Nenda Shimoni," Bibi akaniambia. "Waambie wachukuzi wenzake. Waulize kwao wapi."

Shimoni ni chini ya soko kuu, kwenye mauzo ya jumla. Soko lile lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wetu wenyewe, likafunguliwa mwaka 1975, na kwa mtoto wa Kariakoo lilikuwa ndilo jengo kubwa kuliko yote duniani. Paa lake la zege ni kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, na mvua ikinyesha maji hukusanywa humo. Asubuhi ile yalikuwa yanashuka kwa kishindo, mimi nateremka njia ya malori nikiwa nimejifunika gunia kichwani. Chini kulikuwa na giza, harufu ya vitunguu vilivyoanza kuoza, na matope yaliyochanganyika na maganda ya ndizi. Mwaka ule bidhaa za dukani hazikuwepo, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, lakini Shimoni hapakukosa mtu aliyebeba kitu.

Nilipowaambia, mikokoteni ilisimama. Si yote, lakini ya karibu ilisimama. Mzee mmoja mwenye kilemba cha gunia alivua kofia iliyokuwa chini ya kilemba, akatia sarafu, akampa wa pili. Kofia ikazunguka. Nami nikauliza swali nililotumwa: kwao wapi?

"Huyo Mmanyema," akasema wa kwanza. "Wa Ujiji. Si unaona alivyokuwa akienda Msikiti wa Manyema?"

"Mmanyema gani! Myao yule. Kaniambia mwenyewe, mama yake katoka Tunduru."

Mwenye kilemba akacheka. "Mnyamwezi, wa kwetu Tabora. Mimi kwetu Urambo, nimesema naye Kinyamwezi."

"Sawasawa?" mwingine akauliza.

"Kidogo kidogo," akakiri.

Nilirudi nyumbani na kofia imejaa na makabila matatu.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba nilikuwa nauliza swali la ajabu mahali pale. Mtaa wenyewe ulipewa jina na watu wasioulizwa kwao. Waingereza walipoutwaa Dar es Salaam kwa Wajerumani mwaka 1916, waliwaweka hapo wachukuzi wa jeshi, Carrier Corps, watu waliookotwa kila pembe ya nchi na nje ya nchi wabebe unga na risasi kumfuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, porini. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na malaria na njaa kuliko kwa risasi. Midomo ya wenyeji ikaligeuza jina likawa Kariakoo, kama Nairobi walivyoligeuza likawa Kariokor. Mjini kule, sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya mtu wa bunduki. Mchukuzi aliwekwa chini, kwenye msingi. Lakini mtaa ni wake. Baada ya vita ukawa wa Waafrika kwa mpango wa serikali, Wazungu wakae kando ya bahari, Wahindi katikati, sisi ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, na kila aliyeshuka kwa treni ya bara au jahazi la kusini alipata kitanda kwa mwenye nyumba fulani. Mitaa ikaitwa Nyamwezi, Pemba, Mafia, Congo, Swahili. Mtu alijitambulisha kwa kadiri ilivyomfaa, na aliyepangisha hakuwa na haja ya zaidi ya kodi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta balozi wa nyumba kumi ameshafika na daftari lake chini ya kwapa, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikaa barazani, akafungua kurasa taratibu, akalamba kidole.

"Mbona mnahangaika kutafuta ndugu?" akasema. "Ndugu si huyu hapa?" Akamwonyesha Bibi.

Bibi hakusema kitu.

"Hapa imeandikwa. Kabila Mzaramo. Kwao Kisarawe. Ni kaka wa mwenye nyumba, baba mmoja mama mbalimbali."

Mjomba alimtazama mama yake kama aliyemwona leo. Na Bibi, ambaye sijapata kumwona akikosa jibu, alivuta khanga kichwani akatazama mvua.

Habari yenyewe ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Mwishoni mwa 1983 ilikuja operesheni ya Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa mjini akapakiwa kurudishwa "kwao" akalime. Mimi naikumbuka kama mchezo: tulikuwa tukikimbia vichochoroni kuwapigia miluzi wauza karanga, "Wanakuja!" Kwa Babu Pisha haukuwa mchezo. Mkokoteni haukuhesabiwa kazi, na yeye hakuwa na karatasi hata moja. Lori lingempeleka wapi? Usiku mmoja Bibi alijifunga khanga akaenda kwa balozi, akaapa kuwa yule mzee ni kaka yake wa damu, yuko kwake kwa kuwa ni mgonjwa. Nafikiri balozi alijua. Baraza zao zilitazamana, na utani wa Mnyamwezi na Mzaramo aliusikia kila jioni kama sisi. Lakini aliandika, akagonga muhuri, na karatasi ile Babu Pisha aliitembeza mfukoni mwa shati hadi ilipomfia mwilini.

Sasa daftari halifutiki. Kufuta ni kukiri kwamba mwenye nyumba na balozi wote walisema uongo kwa serikali. Basi Bibi akatandikiwa mkeka ukumbini, akakaa, akawa mfiwa. Wanawake wa mtaa mzima wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakimshika mkono: "Pole kwa kufiwa na kaka." Naye akijibu, "Tumeshapoa." Mara ya kwanza alisema kama anayesoma maneno ya mtu. Hadi saa nne alikuwa analia kweli.

Ilibaki sanda. Mwaka ule bafta haikuonekana dukani, na mjomba alikwishazunguka Uhindini akarudi na mikono mitupu. Bibi akaniita. Akanipa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye pindo, akanituma kwenye sanduku lake la chini ya kitanda. "Chini kabisa. Kile cheupe, pamoja na kichupa cha kafuri. Usivifungue." Nilijua ni nini. Wazee wote walikuwa nazo, wameziweka mapema wasije wakawasumbua watoto. Ilikuwa sanda yake mwenyewe. Mjomba akataka kuzuia, Bibi akamwambia, "Yangu itapatikana. Mimi nina ndugu."

Na hapo wakaja watani.

Wachukuzi kama ishirini waliingia mtaani kutoka sokoni, wameloa, mwenye kilemba mbele, wanapiga kelele kama watu wa harusi. Sisi watoto tukakimbilia barazani. Kwa asiyejua utani, jambo lile lingekuwa fedheha: walimkuta mfiwa analia, wao wanamcheka, wanaiga kilio chake, wanasema Wazaramo wamepungua mmoja, sasa mji utapata nafasi.

Mjomba alikuwa amekwisha sikia habari za asubuhi. Akamsimamisha yule mzee mlangoni. "Baba, si ulisema mwenyewe marehemu ni Mnyamwezi mwenzenu? Utani unatoka wapi?"

Mzee hakubabaika. "Alipokuwa hai alikuwa mwenzetu. Tumesikia sasa dada yake amemchukua. Basi amekuwa Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wetu, na mtani kaburi lake tunachimba sisi. Au mna watu wengine wa kuchimba mvua hii?"

Hatukuwa nao. Walikwenda wakachimba. Wale waliomwita Mmanyema na Myao walikwenda pia, bila kubadili msimamo wao, na nasikia njiani walikuwa wanabishana bado.

Tulimzika Kisutu, baada ya adhuhuri. Jeneza lilitoka Narung'ombe begani, likakatiza Mnazi Mmoja, uwanja ule uliowekwa watu wasichanganyike, na wachukuzi ndio walioshika mbele. Mimi nilikuwa nyuma nikiruka madimbwi. Nilichokiona, na ninachokiona hadi leo, ni jinsi walivyokuwa wakibadilishana mabega bila kusimama wala kuambizana, kama gunia la mchele linavyopita Shimoni. Mtu mmoja kati yao, sikumjua ni nani, kila tulipofika njia panda alikuwa akisema kwa sauti ya chini, si kwa mzaha: "Pisha. Pisha mzigo." Na magari yalisimama.

Nyumba yenyewe haipo. Iliuzwa ilipokuja zamu ya urithi, kama karibu zote za mtaa ule, na pale lilipokuwa banda nadhani sasa ni ngazi ya kupandia kwenye fremu za viatu na simu. Soko nalo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Niliangalia moshi kwenye runinga nikiwa mbali. Nikipita Kariakoo siku hizi nanunua nilichofuata, naondoka. Lakini wasukuma mikokoteni bado wapo, na wakinipigia kelele napisha haraka kuliko watu wengine.

Siku ya tatu, baada ya kuvunja tanga, watani walirudi kuchukua haki yao. Walifungua mnyororo uani, wakautoa mkokoteni hadi katikati ya barabara, wakaupanda watatu na yule mzee wa kilemba akakaa mbele kama mfalme. Wakatangaza kwamba mali ya Mzaramo wameitwaa na haitarudi hadi ikombolewe. Mtaa mzima ukatoka barazani. Watu walijua Bibi ni mfiwa, walijua pia ulimi wake, wakawa wanangoja.

Bibi alitoka na khanga yake ya msiba, akasimama mlangoni, akawatazama.

"Chukueni," akasema. "Halali yenu. Lakini kaka yangu kaondoka na kodi ya miezi miwili. Anayerithi mkokoteni, anarithi na deni."

Mzee wa kilemba akawageukia wenzake. Wakanong'onezana. Kisha akashuka, mmoja mmoja wakashuka, wakausukuma mkokoteni hadi mbele ya baraza na kuuacha pale. Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa noti ya shilingi 20, akawatupia.